Pima Kwanza, Kanuni Baadaye: Miradi ya Hesabu kwa Shule za Sekondari Mombasa

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili kwamba tanjenti ni upande unaoelekeana na pembe ukigawanywa kwa upande wa kando. Ataandika, atakariri, na wiki ya mtihani atauliza tena. Mwanafunzi huyo huyo mpe kazi ya kutafuta urefu wa mnazi ulio nyuma ya bweni bila kuupanda. Atahangaika, atabishana na wenzake, na mwishowe yeye mwenyewe ataiulizia tanjenti. Mwongozo huu umejengwa juu ya hilo: mwanafunzi apime kitu kwa mikono yake, akwame, ndipo kanuni ije kumkwamua.

Liko na jambo la pili, ambalo naliona zito zaidi. Kipimo cha kweli hakilingani na jibu la kitabuni. Makundi kumi yatapima mnazi mmoja na kuleta majibu kumi. Walimu wengi hapo huingiwa na wasiwasi, wakachukua jibu moja na kulitangaza kuwa ndilo sahihi. Usifanye hivyo. Tofauti baina ya majibu hayo ndiyo itakayomfundisha mwanafunzi makadirio, kosa la kipimo na wastani, tena kwa namna asiyoweza kuisahau.

Fikra ya kumpa mwanafunzi kazi ya mikono na kubuni vifaa kwa vilivyopo si ngeni kwetu. Mafunzo ya SMASSE kwa walimu wa hesabu na sayansi, yaliyoanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, yalisimama juu ya nguzo nne: shughuli, mwanafunzi, jaribio, na ubunifu wa vifaa. Ninachoongeza hapa ni vitu vya Mombasa yenyewe, maana pwani hii imejaa hesabu kuliko maabara yoyote.

Mpangilio kabla ya kutoka darasani

Darasa la wanafunzi hamsini au sitini haliendeshwi kama darasa la ishirini. Gawa makundi ya watu watano, na kila mmoja awe na kazi yake: mpimaji, mwandishi, mkokotoaji, mkaguzi anayerudia kila kipimo, na msemaji. Zungusha kazi hizo kila mradi, la sivyo wale wawili wenye sauti watapima daima na wengine watashika daftari tu.

Kipindi kimoja cha dakika arubaini hakitoshi kutoka, kupima na kurudi. Tumia vipindi viwili vilivyofuatana. Cha kwanza ni cha nje, cha pili ni cha darasani na ubao. Waache wabishane kwa Kiswahili wakiwa kazini, kwa sababu mtu hufikiri vizuri kwa lugha anayoiota. Kuandika ripoti kwa Kiingereza cha mtihani kuje mwisho, wakishaelewa wanachosema.

Mradi mmoja uliozama kwa muhula unatosha, na mingine iwe mazoezi mafupi.

Urefu wa mnazi: trigonometria kwa mrija wa soda

Kila kundi linahitaji protrakta ya nusu duara, ile iliyomo kwenye kikopo cha vifaa vya jometri, mrija mmoja wa soda, uzi wa sm 30, nati ya baiskeli na selotepu. Mwalimu alete tepu ndefu ya kupimia, au kamba iliyofungwa fundo kila mita moja.

1. Bandika mrija kwa selotepu kwenye ukingo ulionyooka wa protrakta.
2. Funga uzi katikati ya ukingo huo, pale mistari yote ya digrii inapokutana. Ning'iniza nati kwenye ncha ya chini ili iwe timazi.
3. Shika chombo mrija ukiwa umelala sawa na sakafu. Uzi utaangukia 90. Inua mrija kuelekea juu, uzi utahama. Pembe ya mwinuko ni tofauti kati ya 90 na namba unayoisoma. Usiwaeleze kwa nini. Waambie wachore na kuthibitisha.
4. Jaribuni ndani kwanza. Chungulia kona ya dari, kokotoa kimo chake, kisha pima ukuta kwa tepu. Kundi ambalo jibu lake limepotea kwa zaidi ya sm 20 likague uzi wake, maana mara nyingi umefungwa nje ya kitovu.
5. Sasa nendeni kwenye mnazi. Pima umbali kutoka shina hadi ulipo, soma pembe, pima pia kimo cha jicho lako kutoka ardhini. Wakataze kabisa kuelekeza mrija kwenye jua.

Tuseme umbali ni m 15, pembe ni digrii 38, na jicho liko m 1.5 juu ya ardhi. Tanjenti ya 38 ni 0.781. Ukizidisha kwa 15 unapata m 11.7, na ukiongeza kimo cha jicho mnazi unafikia m 13.2. Wengi husahau ile m 1.5. Usiwakumbushe mapema, mnazi wao ukitoka mfupi kuliko wa wenzao watauliza wenyewe.

Kisha uliza swali ambalo kwangu ndilo kiini cha mradi wote: ni wapi pazuri pa kusimama? Mkono ukitetemeka ukakosea kwa digrii moja tu, kosa kwenye urefu si sawa kila mahali. Kwa mnazi huu, aliyesimama m 5 kutoka shinani atakosea kwa karibu sm 57. Aliye m 40 atakosea kwa karibu sm 75. Aliye m 12 atakosea kwa sm 41 tu. Wape kila kundi umbali wake, wakokotoe mara mbili, kwa pembe waliyoisoma na kwa pembe hiyo ikiongezwa digrii moja. Weka majibu yote kwenye grafu moja ubaoni. Watagundua kwamba kosa ni dogo zaidi pale pembe inapokaribia 45, na wa kidato cha nne waliokwisha soma utofautishaji wanaweza kuthibitisha kwa nini.

Ukitaka kuupandisha mradi daraja, chagua mnara wa msikiti ulio ndani ya ua, ambao shina lake huwezi kulifikia. Wapime pembe mara mbili kwenye mstari mmoja, kwanza mbali kisha karibu, na kutoka hapo waunde milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili. Ombeni ruhusa kwanza, na msiende wakati wa swala.

Leso: eneo, ulinganifu na jibu la kukataliwa

Mwambie kila mwanafunzi alete leso kutoka nyumbani, kwa ruhusa ya mwenyewe na kwa ahadi kwamba itarudi safi. Darasa litapendeza, na mtapata vifaa vya jometri ambavyo hakuna duka la vitabu linaloviuza.

Anza na pindo na mji, yaani sehemu ya katikati inayozungukwa na pindo. Wachukue vipimo vya leso nzima, kisha upana wa pindo kila upande. Wasidhanie kwamba pande zote nne zinalingana, wapime zote. Wakokotoe eneo la mji kama asilimia ya leso nzima, walinganishe leso moja na nyingine.

Sasa geuza swali. Mchoraji anataka leso ya sm 150 kwa sm 110, pindo la upana mmoja pande zote, na mji uchukue nusu kamili ya eneo. Pindo liwe na upana gani? Upana ukiwa x, mji ni (150 − 2x) kwa (110 − 2x), na eneo hilo liwe 8,250. Ukipanga vizuri unafika kwenye x² − 130x + 2062.5 = 0. Majibu ni mawili: karibu 18.5 na karibu 111.5. Hapa simama. Uliza nani anaweza kushona pindo la sm 111.5 kwenye leso yenye upana wa sm 110. Mwanafunzi aliyekuwa akikataa jibu moja la mlinganyo kwa sababu tu mwalimu alisema likataliwe, leo analikataa kwa sababu amekishika kitambaa chake mkononi. Wakate karatasi ya manila yenye vipimo hivyo, wachore pindo la sm 18.5, wathibitishe kwamba mji ni nusu kweli. Jicho hudanganya: karibu wote watasema mji ni mkubwa kuliko nusu au ni mdogo, kabla ya kupima.

Kwa uakisi, mzunguko na uhamisho, pindo lenyewe ni kitabu. Watafute kipande kidogo kabisa ambacho kikirudiwa kinajenga pindo zima, waseme kimerudiwa kwa njia gani. Kisha wachore pindo lao wenyewe kwenye karatasi ya miraba, na waandike maelekezo ya hesabu ambayo kundi jingine litayafuata kulichora upya bila kuliona. Ujumbe wa leso watunge wao. Hapo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuingia naye.

Milango ya nakshi ya Mji wa Kale inafaa kazi hiyo hiyo. Maua mengi ya petali sita huchorwa kwa bikari peke yake: duara moja, na nusu kipenyo hicho hicho kinazungushwa mara sita juu ya mzingo. Wachore kwanza, halafu uwaulize kwa nini zinatoka sita sawasawa na si tano wala saba. Mkienda kuitazama milango, mkumbuke kwamba ni nyumba za watu. Pigeni hodi, muamkie wazee, muombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Maji kujaa na kupwa: grafu ya kosini inayopumua

Huu ndio mradi ninaoupenda kuliko yote, na sioni kwa nini shule ya Mombasa ifundishe grafu za trigonometria bila kuutumia. Watoto wetu wanajua bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kabla ya kujua x na y. Wanajua kwamba maji yakijaa leo asubuhi, kesho yatachelewa kwa takriban dakika hamsini. Ujuzi huo ni hesabu tayari, haujaandikwa tu.

Kuna njia mbili za kupata takwimu. Ya kwanza ni jedwali la maji la Kilindini, linaloonyesha saa na kimo cha kila kujaa na kila kupwa. Ya pili, iliyo bora, ni kupima. Chagueni gati au ukuta ambao maji hayaondoki chini yake hata yakipwa. Chagueni Jumamosi ya bamvu, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ili tofauti iwe kubwa. Teremsha kamba yenye jiwe na alama za sm 10 hadi liguse maji, soma urefu kutoka ukingo wa ukuta. Pimeni kila nusu saa kuanzia maji yalipojaa hadi yanapopwa, kwa zamu, makundi mawili kila zamu pamoja na mtu mzima. Hakuna anayeingia majini, hakuna anayekaa ukingoni, na barua za wazazi ziwe zimerudi zote.

Wakirudi, wabadilishe vipimo. Kamba inasoma kutoka juu kwenda chini, nasi tunataka kimo cha maji kutoka chini. Kutoa huko tu kunawasumbua, nako ni uhamisho na uakisi wa grafu waliokwisha usoma.

Chukua mfano wa siku ambayo maji yamejaa hadi m 3.6 na kupwa hadi m 0.4. Katikati ni m 2.0. Nusu ya tofauti ni m 1.6. Kutoka kujaa hadi kujaa kwingine ni takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo digrii 360 zikigawanywa kwa muda huo zinatoa karibu digrii 29 kwa saa. Kimo cha maji baada ya saa t tangu kujaa kinakuwa:

kimo = 2.0 + 1.6 kos(29t)

Wajaze jedwali. Saa 0 ni 3.60, saa 1 ni 3.40, saa 2 ni 2.85, saa 3 ni 2.08, saa 4 ni 1.30, saa 5 ni 0.69, saa 6 ni 0.41. Wachore grafu hii kwa kalamu nyeusi, na vipimo vyao vya kamba waviweke kwa nukta nyekundu juu yake.

Halafu watoe namba moja kwa nyingine. Saa ya kwanza maji yameshuka sm 20 tu. Ya pili sm 55. Ya tatu na ya nne karibu sm 77 na sm 78. Ya tano sm 61, ya sita sm 28. Waulize wanaotoka jamii za wavuvi kama ndivyo yanavyokwenda, nao watakwambia ndiyo: maji huanza kupwa kwa uvivu, katikati yanakimbia, mwishoni yanatulia tena. Kwa kidato cha nne, hiyo ndiyo kasi ya mabadiliko, na mteremko wa mstari wa tanjenti kwenye grafu yao wenyewe utasema vivyo hivyo.

Mabaharia wana njia yao ya zamani ya kukadiria bila kosini. Tofauti yote ya maji hugawanywa mafungu 12, na kwa saa sita maji hushuka fungu 1, 2, 3, 3, 2, 1. Kwa mfano wetu, fungu moja ni karibu sm 27, hivyo zinatoka sm 27, 53, 80, 80, 53, 27. Waziweke kando ya namba za kosini na wajadili ni wapi njia ya mabaharia inatosha na ni wapi inaweza kumpandisha nahodha mwambani. Nukta zao nyekundu zikikataa kukaa kwenye mstari mweusi, wasizisogeze. Waandike sababu wanazozidhani: mawimbi, upepo, kamba kuyumba, mzunguko wenyewe kutokuwa saa 12 na dakika 25 kamili siku hiyo.

Kivuli cha Mombasa na kivuli cha Garissa

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes wa Alexandria alikadiria mzingo wa dunia kwa vivuli. Alijua kwamba siku moja ya mwaka jua la adhuhuri husimama utosini mjini Syene, Aswan ya leo, wakati Alexandria lilikuwa limeinama kwa sehemu moja ya hamsini ya duara. Sisi tunaweza kuirudia kazi yake tukiwa nyumbani, tena kwa bahati ya jiografia: Mombasa na Garissa ziko karibu kwenye longitudo moja, kiasi cha digrii 39 na dakika 40 mashariki. Mombasa iko karibu digrii 4.05 kusini ya ikweta, Garissa karibu 0.45.

Tafuta mwalimu wa hesabu Garissa, mpigie, muunde kundi la WhatsApp la madarasa mawili. Jua hupita utosini mwa Mombasa mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na karibu tarehe 3 Oktoba. Chagueni Machi, maana Oktoba watahiniwa wana mitihani. Siku hiyo adhuhuri ya jua kwetu huwa karibu saa sita na nusu, si saa sita kamili. Waulize kwa nini. Saa yetu ya Kenya imepangwa kwa longitudo ya digrii 45, nasi tuko nyuma yake kwa digrii 5 na dakika 20, na kila digrii ni dakika nne za saa. Dakika kumi nyingine hivi zinatokana zaidi na mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao hauendi sawasawa mwaka mzima.

Simamisheni fimbo iliyonyooka kwa timazi kwenye uwanja ulio sawa, huku na kule. Pimeni kivuli kila dakika tano kuanzia saa sita na robo hadi saa saba kasorobo, mchukue kilicho kifupi kabisa. Mombasa kivuli kitakaribia kutoweka, na kelele za furaha zitasikika hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Garissa fimbo ya m 2 itatoa kivuli cha karibu sm 12.6. Ukigawanya 12.6 kwa 200, pembe yenye tanjenti hiyo ni digrii 3.6. Pimeni kwenye ramani umbali wa mstari ulionyooka baina ya miji hiyo, si umbali wa barabara, mtapata karibu km 400. Basi digrii 3.6 ni km 400, na digrii 360 ni km 40,000.

Msitumie fimbo fupi. Kwa fimbo ya m 1 kivuli ni sm 6.3 tu, na ukikosea kwa nusu sentimita dunia yako inanenepa hadi zaidi ya km 43,000 au inakonda hadi km 37,000. Waachie wanafunzi waigundue hiyo kwa kikokotoo kabla ya siku yenyewe, wachague wenyewe urefu wa fimbo.

Mazoezi mafupi ya kipindi kimoja

Kwa kidato cha kwanza: kila mmoja apimwe urefu wake na pima yake, yaani kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole mikono ikiwa imenyooshwa. Weka nukta zote ubaoni, wachore mstari unaopita katikati yake. Mteremko utakaribia 1.

Kwa takwimu, maembe. Pimeni uzito wa maembe sitini ya aina moja, ngowe au boribo, kwa mizani ya dijitali, na mchore histogramu na grafu ya jumla limbikizi. Kisha waamue, kama wangekuwa wauzaji Kongowea, wangeyagawa madaraja matatu kwa mipaka ipi ya uzito. Mwishoni mle.

Kwa milinganyo isiyo sawa, mtumeni mwakilishi kwa mama auzaye mahamri na viazi karai karibu na lango, kwa heshima na saa ambayo hana wateja. Aulize kila kimoja kinakula unga, mafuta na muda kiasi gani. Darasa lichore eneo linaloruhusiwa na kutafuta mchanganyiko wenye faida kubwa, halafu mama huyo aletewe jibu na aseme kama lina maana. Mara nyingi atataja sharti ambalo hakuna aliyelifikiria, mfano wateja wa asubuhi hawataki viazi, nalo ni mstari mpya kwenye grafu.

Kutoa alama

Kwa kila mradi mimi hutoa alama 20: vipimo vilivyorudiwa na kuandikwa na vizio vyake, 5, hesabu yenyewe, 6, maelezo ya kosa na sababu zake, 6, uwasilishaji, 3. Maelezo ya kosa yana uzito sawa na hesabu kwa makusudi. Kundi lililopata mnazi wa m 14 likaeleza vizuri kwa nini huenda limekosea linastahili zaidi ya lililonakili m 13.2 kwa jirani.

Wiki inayofuata, weka swali la mtihani wa kawaida lenye kanuni ile ile, bila mnazi wala leso wala maji, dakika kumi tu, kila mtu peke yake. Watakaokwama warudishe kwenye daftari la mradi kwanza, ukurasa wa vipimo vyao, kabla ya kuwafungulia kitabu.